Kiti Kimoja cha Besi

Lizaboni, Songea
Jumapili, 11 Agosti 2024

Kwa kaka yangu mpendwa Fulgence,

Shikamoo kaka. Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu, na ninaomba barua hii iwakute wewe, wifi na watoto mkiwa wazima huko Tanga. Somo yangu Dorine mdogo amepona kile kikohozi? Mwambie shangazi yake anamwekea mahindi ya kuchoma, yale ya mwisho mwisho ambayo Mama hukataa kuyapukuchua mpaka wajukuu waje. Huku baridi ya mwaka huu imetukomoa. Mpaka wiki iliyopita watu wa Mjimwema, kule kwa Mama, walikuwa bado wanatoka na makoti saa nne asubuhi. Mavuno lakini si haba, na Mama anatembea mwenyewe mpaka kanisani bila kushikwa mkono.

Utashangaa kupata karatasi kutoka kwangu wakati tunaongea kwa simu karibu kila Jumapili. Ukweli ni kwamba nimejaribu kukuambia haya kwa simu zaidi ya mara moja nikashindwa. Nikikaribia penyewe, wewe unamtaja Mwalimu Sixbert, unapandisha sauti, nami nanyamaza, tunaulizana habari za mvua, halafu tunaagana. Nimeona niandike, nimpe huyu kijana wa jirani anayesafiri, ili useme yote unayotaka kusema nikiwa siko kwenye laini, na mimi niwe nimeshamaliza.

Ni kuhusu misa ya kuweka msalaba kwenye kaburi la Baba. Okestra aliyoifanyia kazi Baba imeomba tena kuja kupiga. Safari hii Mwalimu Sixbert hakutuma mtu, alikuja mwenyewe kwa Mama, akakaa kwenye lile benchi la nje, akaomba kwa adabu kabisa. Mama akamjibu kwamba mwenye uamuzi ni wewe, mtoto wa kwanza. Na wewe ulipopigiwa simu ukasema wauaji wa Baba wasikanyage makaburini. Nilikuwa nimekaa pembeni ya Mama, simu iko kwenye spika, nikasikia kila neno. Mwalimu pia alisikia. Alishukuru kwa chai, akaondoka.

Kaka, naomba usome mpaka mwisho. Usiitupe katikati.

Wewe uliondoka nyumbani mapema. Ulienda shule ya bweni, ukapata kazi huko, na Baba uliyemjua ni yule anayetoka asubuhi amevaa suti nyeusi inayong'aa magoti, watoto wa mtaani wakiuliza leo nani amekufa. Najua ilikuwa inakuudhi. Mara moja uliniuliza kwa nini mtu mzima alipwe mshahara kwa kusimama nyuma na kupiga sauti ambayo hakuna anayeisikia. Mimi niliingia okestra nikiwa msichana, nikafanya kazi karibu naye miaka mingi, kwa hiyo niruhusu nikusimulie kidogo kazi yake ilikuwa nini, maana bila hilo la mbele hutalielewa.

Baba alikuwa kijana wa useremala kule misheni wakati Bruda Rupert alipoanza mambo ya fidla. Bendi ya matarumbeta ilikuwapo tangu zamani, ile ya maandamano ya Ekaristi na sikukuu, lakini Bruda alitaka nyuzi. Aliletewa fidla kutoka kwao kwenye makreti. Besi, ambayo ni fidla ya kimo cha mtu, haikusafirishika. Basi akaamua kuichonga mwenyewe kwa mbao za hapa, na Baba ndiye aliyekuwa anashika upande wa pili wa msumeno. Alipenda kusimulia kwamba ilipasuka kwenye maungio, wakaanza upya, ikapasuka tena, na Bruda akatoka nje kwenda kutukana kwa Kijerumani nyuma ya karakana. Iliposhika, Bruda akamwambia asimame, ashike upinde, avute uzi mnene kuliko yote. Baba alisema mtetemo ule aliusikia kwenye magoti kabla haujafika masikioni. Hakurudi kwenye useremala.

Ndivyo ilivyozaliwa Okestra ya Matogoro, ikapewa jina la milima inayoonekana kutoka dirisha la ukumbi wa mazoezi. Bruda alipozeeka na kurudi kwao, watu walidhani itakufa. Mwalimu Sixbert ndiye aliyeishika. Alitafuta marafiki wa huko nje, akaomba kumbi, akawafanya wale vijana wa misheni kuwa wafanyakazi wenye mkataba na likizo. Alipokuwa mgeni katika kazi hiyo alijitambulisha kwenye kikao cha mtaa kuwa yeye ni kondakta wa okestra, na mama mmoja akamuuliza basi lake linatoka saa ngapi. Tangu siku hiyo tunamwita Mwalimu tu.

Na kazi, kaka, haikuwa moja. Mwezi mmoja tulikuwa ukumbini tukipiga muziki wa Ulaya wa kale, wazee wamevaa tai, wengine wamelala. Mwezi uliofuata tuko Mbinga msimu wa kahawa, tunapiga uwanjani, vumbi linaingia kwenye selo yangu, ile fidla kubwa ya kukumbatia magotini, mpaka inakohoa. Tulipiga wimbo wa taifa kwenye sherehe za serikali. Tulipiga harusi, tulipiga misiba, tulirekodi muziki wa redioni ule unaosikika kabla ya taarifa ya habari ya mkoa. Jumanne na Alhamisi tulikuwa mashuleni tunafundisha watoto. Mwalimu aliandika mganda, ile ngoma ya watu wa Nyasa, kwa ajili ya fidla na matarumbeta, na tulipoupiga Mbamba Bay wazee waliacha viti vyao wakaanza kucheza kwa mistari, magoti juu, tukawa tunapiga huku tunacheka mpaka wapuliza tarumbeta wakakosa pumzi.

Safari ninayoikumbuka kuliko zote ni ya Mbesa, hospitali ya misheni. Tulipiga kwenye ua, wagonjwa waliojiweza wamekaa kwenye nyasi. Tulipomaliza, muuguzi akasema kuna mzee ndani, mkulima wa korosho, hawezi kuinuka, ameuliza ile sauti nene ilikuwa ya nini. Baba hakusubiri ruhusa. Akaibeba besi, mlango ukakataa, akailaza ubavu, akaingia nayo wodini kama mtu anayeingiza jeneza, Mungu anisamehe, na akampigia yule mzee peke yake. Mzee alisema kitu kwa Kiyao. Mwenzetu Mwanaheri, mpuliza klarineti, ambaye ni wa kwao Tunduru, akatutafsiria: alisema tangu alazwe, hiyo ndiyo sauti ya kwanza isiyomuuliza panauma wapi. Baba alitoka nje akajifanya anatengeneza nyuzi.

Mimi alinifundisha selo tangu nikiwa sijafika darasa la nne. Alikuwa ananipa kiti, yeye anageukia ukutani, ananisikiliza mgongo ukiwa kwangu. Nilipomuuliza kwa nini hanitazami, alinijibu kwamba akinitazama ataona mtoto wake, na mtoto wake atamwonea huruma. "Ukikaa kusikiliza, Dorine, sikiliza," aliniambia. "Usitafute ni nani." Wanafunzi wote aliwafanyia hivyo. Wengine walidhani ana dharau.

Sasa nakuja kwenye mwaka jana. Wale marafiki wa nje waliandika kwamba hawataweza kuendelea kama zamani. Mwalimu alizunguka ofisi zote za mjini hapa mpaka viatu vikaachia, akarudi na ahadi zilizotosha kubakiza nusu ya watu na kidogo. Tulikutana ukumbini, tukaambiwa wazi: okestra itabaki, ila ndogo. Kila mmoja atafanya usaili upya, mzee kwa kijana, na ili kusiwe na maneno ya ukabila wala udini wala ujamaa, watu watapiga nyuma ya pazia. Anayesikiliza hatamwona anayepiga, atajua namba tu. Majaji watakuwa watatu kwa kila chombo, na majina yao hayatatajwa, kusudi watu waweze kuendelea kuishi mtaa mmoja.

Baba ndiye aliyesimama wa kwanza kuunga mkono. Alisema hiyo ndiyo haki.

Besi zilikuwa mbili, na kiti kikabaki kimoja. Ni Baba na Egidi. Egidi unamkumbuka, yule mwembamba mwenye mwanya aliyekuwa anakuja nyumbani kula maembe wakati anajifunza. Kila alichokijua alikipata kwa Baba. Wiki zile kabla ya usaili walifanya mazoezi chumba kimoja, Baba akimsahihisha namna ya kushika upinde, mimi nikipita nje nikawasikia wanacheka.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, jua kali la Oktoba. Kufika jioni karatasi ikabandikwa mlangoni. Jina la Baba halikuwapo.

Uliyoambiwa kwa simu ni kwamba wamempumzisha. Ndivyo alivyomwambia kila mtu. Alimpa Egidi mkono mbele ya watu, akamkabidhi besi ile ya Bruda Rupert, ile aliyoishikia msumeno, maana ilikuwa mali ya okestra na ndiyo nzuri kuliko nyingine. Akampa na kitambaa cha kuifutia. Egidi alilia kuliko yeye.

Miezi ya mwanzo alikuwa anakuja kwenye maonyesho, anakaa nyuma karibu na mlango. Nilikuwa namwona kutoka kwenye kiti changu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unatembea juu ya paja, vidole vinabonyeza suruali, anapiga pamoja nasi. Halafu Februari akaacha kuja. Akaanza kwenda shamba mapema sana, kuliko kazi iliyokuwapo shambani. Mama alisema anamkuta amekaa kwenye tuta, jembe liko pembeni, hajalima hata mstari mmoja. Nilipomuuliza anaendeleaje alisema mgongo umepumzika, ashukuriwe Mungu.

Vidonge vya presha alikuwa ameviacha. Hatukujua. Mei akaanguka uani wakati anafungua mabanda ya kuku, upande wa kulia ukawa hauna nguvu, mdomo umepinda kidogo, maneno yanatoka taratibu lakini yanatoka. Wewe ulipata ruhusa ya kusafiri siku aliyokata roho, hukumkuta. Najua hilo ndilo linalokuuma. Sikulaumu kwa lolote ulilolifanya msibani, nataka ulijue hilo kwanza.

Lakini nataka pia ujue ulichokifanya, kwa sababu nadhani siku ile hukuona. Walikuja wote. Si wale waliobaki tu, hata walioachishwa walikuja, wamevaa suti zao nyeusi, wakapanga viti chini ya turubai la jirani, wameleta nota za Misa. Egidi alikuja ameibeba besi mgongoni kutoka barabarani kwa sababu pikipiki ilikataa kuipakia. Ulisimama getini. Ulimwambia Mwalimu Sixbert mbele ya paroko na mbele ya wazee wote, "Mlimfukuza kazini akiwa hai, hamtampigia akiwa amekufa. Nyinyi ndio mliomuua." Ukamwambia Egidi aondoe hicho kitu chake.

Mwalimu hakujibu. Kaka, kulikuwa na jibu moja tu ambalo lingemwokoa na aibu ile, na alikuwa nalo mdomoni. Alinitazama mimi. Nilikuwa nimesimama nyuma yako, kanga ya msiba kiunoni. Akanitazama, halafu akainamisha macho, akawageukia wenzake, akawaambia waende. Wakasimama ng'ambo ya barabara na vyombo vyao mpaka jeneza lilipopita. Hakuna aliyepiga. Mwanaheri alikuwa ameikumbatia klarineti yake kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Tukamzika Baba kwa kwaya ya jumuiya, wakaimba vizuri, lakini mtu aliyepiga besi kwenye misiba ya nusu ya mji huu alishuka ardhini bila sauti yake hata moja.

Sasa sikiliza.

Majaji wa besi walikuwa Mwalimu Sixbert, mgeni mmoja mwalimu wa muziki kutoka Dar es Salaam, na wa tatu alikuwa mimi.

Nilikataa. Nilimfuata Mwalimu wiki moja kabla nikamwambia siwezi kumsikiliza baba yangu mzazi. Akasema kanuni inataka kiongozi wa nyuzi nene awepo, na kiongozi ni mimi, na pazia limewekwa kwa sababu hiyohiyo. Akasema, "Hutajua ni nani." Alikuwa anajua anadanganya, na mimi nilijua, na hakuna mwingine aliyekuwapo.

Tulikaa mstari wa tatu. Pazia ni lile zito la rangi ya damu ya mzee. Akapanda namba moja. Kabla hajagusa uzi, nikasikia pumzi. Baba alikuwa na namna yake ya kuvuta pumzi puani kabla ya kuanza, fupi na nzito, kama mtu anayetaka kunyanyua gunia la mahindi. Nimeisikia pumzi ile tangu niko tumboni mwa Mama. Nikafumba macho kama alivyonifundisha, nikajaribu kutomtafuta ni nani, lakini alikuwa ameshafika.

Alianza vizuri. Sehemu ya polepole ilikuwa nzuri kuliko alivyowahi kupiga, sauti pana, imetulia, inaujaza ukumbi mpaka kwenye mabati. Nikasema moyoni, asante Mungu, hakutakuwa na swali. Halafu ikaja sehemu ya haraka. Vidole havikufika. Kidole cha tatu kilikuwa kinachelewa, nota zinagongana, na pale penye kupanda juu alikosa kabisa, akarudi, akakosa tena. Nilisikia anavuta pumzi nyingine. Akamaliza. Viatu vyake vikashuka ngazi, kile cha kushoto kinaburuza kidogo.

Namba mbili akapiga yote sawasawa, polepole na haraka. Hakuwa na upana wa Baba. Lakini hakukosa kitu.

Mwalimu aliandika moja. Alimjua kama mimi nilivyomjua, wameanza pamoja tangu vijana, na alimchagua. Mgeni aliandika mbili. Wakanisubiri. Nimejaribu baadaye kujiambia kwamba nilimfikiria Egidi na watoto wake wadogo. Si kweli. Nimejaribu kujiambia kwamba niliona Baba amechoka, anahitaji kupumzika. Hilo nalo si kweli. Niliandika mbili kwa sababu mbili alipiga vizuri zaidi. Basi. Na baba yetu akatoka kwenye kazi ya maisha yake kwa kalamu ya mtoto wake.

Kwa hiyo yule uliyemtukana getini ndiye peke yake aliyemtaka Baba abaki. Na alinyamaza ili wewe usinichukie mimi juu ya kaburi.

Bado hujamaliza, kaka. Kuna jambo ambalo hata Mwalimu halijui.

Siku moja kabla hajafariki, kule hospitalini, mchana wakati wa kuona wagonjwa, Mama alikuwa ametoka kufua shuka bombani. Nilikuwa namlisha Baba uji kwa kijiko. Alikataa kijiko, akageuza kichwa akanitazama, na wewe unajua alivyokuwa hapendi kunitazama tunapozungumza mambo ya muziki. Akaniuliza, maneno yanatoka moja moja, "Ulikuwa umekaa pale?"

Alikuwa anajua. Sijui alijuaje. Labda alisikia kiti changu, labda alinisikia ninavyopumua, kwa nini isiwe hivyo.

Nikamwambia ndiyo.

Akauliza, "Ulinijua?"

Kaka, nimeligeuza swali lile kila upande tangu Mei, sijaona mlango wa kutokea. Nikisema sikumjua, nitakuwa nimemwambia kwamba binti yake, aliyemfundisha kusikia, ameisahau sauti yake. Nikisema nilimjua, nitakuwa nimemwambia kwamba nilimtoa nikijua ni yeye. Hakuna jibu la tatu. Uji ulikuwa unapoa mkononi. Nikasema, "Nilikujua kabla hujaanza, Baba."

Alifumba macho. Nilidhani amelala. Kisha akasema, "Kidole cha tatu." Nikasema, "Ndiyo, Baba. Kidole cha tatu." Akatikisa kichwa kidogo sana, kama alivyokuwa anatikisa mwanafunzi akipata jibu. Nilingoja aseme kingine. Nilingoja aseme nimekusamehe, au nimekulaani, au hata mtoto gani wewe. Nilishika mkono wake wa kushoto, ule mzima. Haukunishika, wala haukujitoa. Mama akaingia na ndoo. Usiku ule hali ikabadilika, hakusema tena neno, na asubuhi tukakupigia simu.

Ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Sijui yalikuwa ni msamaha au ni marekebisho tu, kama ya mwalimu. Nikiwa kazini nadhani ni msamaha. Nikirudi nyumbani sidhani.

Naendelea kwenda mazoezini, kwa sababu sijui nifanye nini kingine. Egidi anasimama nyuma yangu. Anapiga vizuri, kila siku anapiga vizuri zaidi, na kila anapovuta uzi mnene nausikia kwenye magoti yangu.

Juzi nilimwambia Mama. Alikuwa anachambua maharage. Alisikiliza yote, hakuacha kuchambua. Nilipomaliza aliinuka, akaingia ndani, akakaa muda mrefu. Alipotoka alisema nikuandikie kabla hujaja, kwamba haifai ufike kaburini na hasira iliyoelekezwa kwa mtu asiyehusika. Tangu siku hiyo nikienda Mjimwema ananipakulia chakula, ananiwekea na maji ya kunawa, lakini hakai kula nami. Anasema ameshakula.

Sikuombi unisamehe. Sikuandika kwa ajili hiyo, na hata ukitaka kunisamehe, nadhani si wewe mwenye uwezo huo tena. Ninachoomba ni kwamba ukishuka stendi, kabla hujafika nyumbani, upitie kwa Mwalimu Sixbert. Bado anakaa pale pale nyuma ya soko la Lizaboni. Mpe mkono. Huna haja ya kusema kitu, atajua. Na waruhusu wapige. Hata kama hutaki mimi niwe miongoni mwao, waruhusu. Nitasimama upande wa wafiwa, selo nitaiacha nyumbani. Baba alistahili kusikilizwa kaburini na watu waliomjua, na mimi nilishapata zamu yangu ya kumsikiliza.

Msalimie sana wifi, mwambie vitenge alivyoagiza nimevipata. Wabusu watoto wote, hasa somo yangu. Majirani wa Mjimwema wanakusalimu, na Mama anakusalimu, anauliza mtakuja na basi la siku ipi ili aandae vitanda. Umjibu yeye kwa simu. Mimi, ukiwa huna la kuniambia, usinipigie kwanza. Nitakuona makaburini.

Ni mimi mdogo wako, niliyebaki hapa na Baba,

Dorine Haule